Kinini cha Tonge la Kwanza

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili moja nilipomeza kinini, kidonge cha dawa, mbele ya sahani ya watu, na wote wakaacha kula.

Sina hakika kama mimi ndiye wa kukushauri. Shule niliishia darasa la sita, na mambo ya mwili nayajua kwa kuumwa tu. Lakini umeambiwa na daktari ugonjwa ule ule wangu, na nimesikia umeacha kwenda kula kwa wenzako. Basi nisikilize, uchukue kinachokufaa.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa kijana, nabeba magunia bandarini, nimepanga chumba mtaa wa Buyenzi katika ua wa Bibi Mwamini, mjane wa Kiislamu aliyeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Mimi Mkristo, kwetu Musaga, mtaa mwingine wa mji. Ndugu zangu walikuwa wametawanyika, mmoja ng'ambo ya ziwa, wengine sikujua hata wako upande gani. Bibi alikuwa akiniita nile mkekani na watu wa nyumbani kwake kila jioni kabla ya saa ya kutotoka nje, na Jumapili mchana. Hao ndio watu pekee niliokuwa nakula nao.

Ndipo mwili ukaanza kunikimbia. Nakula sana, nakonda. Na choo, unisamehe, kilikuwa cha mafuta mafuta, kinaelea, na ua mzima tulikuwa na msala mmoja. Watu wakaanza kunong'ona kuwa nina sida, yaani ukimwi. Siwalaumu. Siku zile mtu akikonda, walikuwa na neno gani lingine?

Daktari wa mjini akanieleza polepole. Alisema nyuma ya tumbo kuna pankreasi, ile ambayo vitabu vinaiita kongosho, na yangu haitoi tena maji ya kuvunja chakula. Chakula kinapita kama mgeni anayevuka nyumba bila kukaa. Akaniandikia vinini vya ganda: nimeze na tonge la kwanza, na chakula kikiwa kingi niongeze katikati. Si kabla, si baada. Dawa na chakula visafiri pamoja. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaniambia vimetengenezwa kwa kongosho la nguruwe.

Nguruwe, mwanangu. Nami nakula sahani moja na Waislamu.

Jumapili ile Bibi alionja chakula kwanza, kama ilivyo desturi yetu ya mwenyeji kuonyesha kuwa hakuna ubaya. Mi nikatoa kinini changu, nikameza. Shemeji yake, Mzee Saidi, akaniona.

"Eh! We kijana unameza kinga ya sumu? Kwa chakula cha shemeji yangu?"

Kila mkono ukasimama juu ya sahani. Nimtendee haki Mzee Saidi: mtoto wa dada yake alikuwa amekufa baada ya kunywa soda kwa watu, na familia iliamini ni sumu. Miaka ile kila mtu alikuwa anaangalia mkono wa mwenzake. Ningeweza kujibu kwamba ni dawa ya tumbo. Lakini niliogopa swali la pili: dawa ya nini, imetoka wapi? Nikasema ni ya kichwa. Hakuna aliyeniamini, na sioni kwa nini wangeniamini.

Tangu hapo nikawa nameza chumbani, kisha navuka ua. Lakini kwa Bibi chakula hakikuwa na haraka. Kuna sala, kuna anayesubiriwa kutoka sokoni, kuna habari za barabara ipi imefungwa. Sombe, yale majani ya mhogo, ikifika imejaa mawese, dawa imeshatangulia peke yake. Tumbo likarudi kuwa baya kuliko mwanzo. Nikaanza kusema nimeshiba. Nikawa nachoma mhogo chumbani, nasikia vicheko vyao ukutani, najua kila sauti ni ya nani. Bandarini gunia moja likanishinda, msimamizi akaniambia niende nikapumzike, na kwa namna alivyolisema nilielewa nisirudi.

Siku ya tatu ya kulala tu, Bibi alikuja mwenyewe. Hakubisha hodi. Aliweka sahani chini, akaonja tonge, akanitazama.

"Sasa kula. Au niite Saidi naye aonje?"

"Bibi, apana, si hivyo..."

"Ni vipi? Miezi yote nakupikia, leo mi ni murozi, mtu wa kutilia watu sumu? Ua mzima unasema we unaniogopa. Na mi pia nimesema, nisikudanganye. Nimesema huyu mutoto wa Musaga ametuona sisi wachafu."

Hapo nikalia, nikamwambia yote: kongosho, mafuta, msala. Kisha nguruwe. Nilisema neno hilo nikiangalia chini.

Bibi akauliza, "Kwa hiyo ulikuwa unakufa njaa kwa ajili ya dini yangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na we hata si Muislamu!" Akacheka mpaka akakaa. Kisha uso ukageuka. "Sikiliza. Mwenye dharura Mungu anamujua. Hicho kinini kinaingia kwa tumbo lako, hakiingii kwa sahani yangu. Meza, nawa mikono, kula. Ugonjwa haukunitukana. Kimya chako ndicho kimenitukana, kimenifanya murozi ndani ya nyumba yangu."

Jumapili iliyofuata alionja, akasema kwa sauti, "Sasa na we meza chako." Mzee Saidi akafungua mdomo. Bibi akamuwahi: "Ningekuwa na sumu, Saidi, ningeanza na we unayemaliza samaki." Wakacheka, na mikono ikarudi kwenye sahani. Nilinenepa kidogo. Bandarini sikurudi, lakini nilipata kazi ya kuhesabu mizigo.

Haikudumu. Vita vilipofika karibu, binti yake alimchukua akavuka naye kwenda Kigoma, na huko akafia. Wapangaji wapya hawakuniita mkekani, wala mimi sikuwa na ujasiri wa kujipeleka. Nimekula peke yangu miaka mingi, nikimeza kinini bila mtu wa kuniuliza ni cha nini. Kuulizwa kule, hata kwa ubaya, nimekutamani.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hilo walilisema wa kale. Mimi naongeza la kwangu, kama linafaa: mficha maradhi huwapa wenzake kazi ya kubuni, na watu wenye hofu hawabuni mema. Meza dawa yako na tonge la kwanza, hadharani. Ukiulizwa, jibu swali la kwanza, na la pili pia. Atakayekuondoa sahanini, akuondoe yeye. Usijiondoe mwenyewe. Na ukimwona kijana amekaa pembeni anasema ameshiba, usimwamini upesi.

Mungu akupe chakula kikae mwilini mwako, akupe na wa kukuita kula, na ukiitwa, akupe moyo wa kwenda.