Sharti la Kwanza Lilimeza la Pili

Nimefundisha miaka mingi, lakini kuna siku moja ambayo nikiikumbuka nainamisha uso hata nikiwa peke yangu.

Nilikuwa kijana, nafundisha kuandika programu kwa Python katika chuo kidogo cha kompyuta kule Kihonda. Viwanda vilikuwa vimebinafsishwa, na baadhi ya waliopunguzwa kazi walikuja kwetu kuanza upya. Mmoja wao alikuwa mama wa rika la mama yangu, karani wa zamani wa kiwandani. Wakati huo shule moja ya Matombo ilikuwa imeomba mtu wa kuingiza matokeo kwenye kompyuta, na mkuu wa chuo akaniachia mimi nipendekeze jina. Nikawatangazia kwamba atakayefanya vizuri zoezi la masharti ndiye atakayekwenda.

Niliandika ubaoni programu ya kupanga alama: ikiwa ni arobaini au zaidi, iandike "Umefaulu", la sivyo, ikiwa ni themanini au zaidi, iandike "Bora". Wote wakanakili, kama tulivyozoeshwa tangu darasa la kwanza. Yule mama peke yake alianza na themanini.

Nilipofika mezani kwake alininong'oneza, wenzake wasisikie. "Mwalimu, kuuliza si ujinga. Mwenye tisini na mbili si atanasia kwenye arobaini, asiifikie Bora?"

Sikujaribu hata kuiendesha. Nilikuwa nimevaa tai, najiona nimefika. "Mama, hapa si kiwandani," nikasema kwa sauti. "Andika kilichoko ubaoni."

Watu wakacheka. Akafuta yake kwenye kompyuta, akanakili kosa langu neno kwa neno.

Walipoondoka niliingiza tisini na mbili. Ikaandika "Umefaulu". Nikaingiza mia. "Umefaulu" tena.

Ningeweza kumwomba radhi, lakini nilikuwa mwoga. Kesho yake nilisimama mbele yao nikadai kwamba kosa lile nililiweka makusudi, kuwapima.

"Nani aliligundua?" nikauliza.

Daftari la yule mama lilikuwa wazi, na programu yake sahihi niliiona kwa macho yangu. Akaifunika kwa kiganja.

"Hakuna, mwalimu," akasema. "Sote tulinakili."

Nilijua ananisitiri, na nilijua anapoteza nini. Hata hivyo nikapeleka Matombo jina la mtu mwingine.