Ua Dume Moja Lililobaki

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili, Mkasi amepiga magoti uani mbele ya masanduku ya mbao yaliyojaa udongo. Anahesabu maua. Anahesabu tena. Maua jike manne yamefunguka, kila moja na kiboga kichanga chini yake. Ua dume ni moja tu.

"Wifi!" anaita. "Njoo uone ulichofanya!"

Mkasi ni jina la kiwandani, alikokata vitambaa miaka kumi na tisa. Kiwanda kilifungwa kwa barua ya mistari mitatu. Wa mwisho ulisema asante. Wanaotaka kusahau, wasahau. Mwanamke huyu aliondoka na mkasi wake, akajenga masanduku sita ya mbao za makreti nyuma ya nyumba ya ghorofa anamopanga, akapanda maboga. Ndiyo kazi yake sasa, na huu ni msimu wa kwanza.

Anapogoa kama anavyokata kitambaa. Matawi ya pembeni yanaondoka, shina moja linapandishwa kwenye kamba.

"Sanduku dogo," anasema. "Ukiacha boga litambae, utalikuta limelala kitandani kwa jirani."

Ila karani wa mwenye nyumba anautaka uwanja aegeshe magari. Ni karani yuleyule aliyeng'oa benchi za watoto hapahapa miaka minane iliyopita, eti zinaharibu sura. Sura ya nani, hajasema mpaka leo. Safari hii amesema: "Majani hata kichakani yapo. Ijumaa nisipoona boga, masanduku yanaondoka."

Na jana wifi mtu, kwa moyo mweupe kabisa, aliazima mkasi akasaidia kupogoa.

"Niliona maua mengine yamesimama tu, hayana kiboga," anajitetea. "Nikajua yanakula bure."

"Umemaliza waume wa mtaa mzima! Hawa dada wataolewa na nani?"

"Si kabaki mmoja? Awaoe wote, ana bahati gani!"

Nyuki hawaonekani, na kufika saa nne maua yatakuwa yamejifunga. Mkasi anachuma ua dume, analivua petali, anabaki na kijiti chenye unga wa njano. Anakipaka ndani ya jike la kwanza, la pili, la tatu. Wifi anampokonya.

"Polepole, utavunja!"

"Niache, mimi ndiye mshenga!"

Ijumaa karani anaingia na daftari. Viboga vitatu vimenyauka na kudondoka. Cha nne, cha mshenga, kimevimba kama ngumi, kinang'aa! Wifi anapiga kigelegele hadi madirisha yanafunguka ghorofa zote.

"Kimoja tu?" karani anauliza.

"Ulisema boga, kaka. Hukusema mangapi. Maneno yako nimeyashika."

Karani anatazama juu. Kila dirisha lina macho. Anakohoa, anafungua daftari: masanduku yabaki.

Mkasi hamsikilizi tena, anapima ukuta kwa hatua. Masanduku sita mengine yataenea, anasema, na atawaita mafundi wenzake waliopewa asante ile. Somo la kwanza litakuwa dume na jike. Wifi atakaa mbele.

Kisha anageuka, anachungulia daftari la karani.

"Andika vizuri. Boga moja. Na hapo chini uache nafasi."