Mlango wa Kipimo

Nikisema ndugu zangu hawana haya, mtu asinipoze.

Dada yetu mkubwa ni fundi cherehani. Tangu mama alipofariki tumemwita Kipimo, kwa sababu ya uvivu wetu tu. Nguo ya yeyote nyumbani, hata koti la kaka, hujaribiwa mwilini mwake. Sisi tunaagiza tukiwa tumekaa: ongeza kiunoni, punguza mabegani. Naye husimama na pini kila upande, akiitikia, "Haya."

Siku moja mteja alitaka kumzawadia kitambaa, akamuuliza yeye hutoshwa na mita ngapi. Dada hakujua. Vipimo vya mtaa mzima anavyo kichwani, vyake havimo. Mteja alicheka, yeye hakucheka.

Kuanzia hapo, kila alasiri alijifungia chumba cha nyuma kwa saa nzima, cherehani kimya. Nikamuuliza anafanya nini humo.

"Najiuliza mimi ni nani, nikishawavua nyinyi wote," alisema. "Miaka yote nampelekea Mungu shida zenu. Anayezipeleka simjui."

Niliona aibu. Kaka yetu, anayejiona ndiye nguzo ya nyumba, hakuona aibu yoyote. Alileta kitambaa cha suti ya kuvaa kwenye harusi ya binti yake, akakuta mlango umefungwa, akakiacha juu ya cherehani. Akatangaza kwamba dada anarukwa na akili, na kwamba maswali ya namna hiyo ni ya watu wasio na kazi. Kesho yake alikuja na bisibisi, akaung'oa mlango, akaupeleka kwake. Wifi, mkewe, alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi damu ilinichemka, na mpaka leo haijapoa.

Dada hakugombana na mtu. Alasiri ilipofika alifunika cherehani, akakitwaa kile kitambaa cha suti, ambacho kaka alikisifu kuliko wanawe. Akakipigilia misumari juu ya fremu ya mlango, kikaning'inia mpaka chini. Akaingia nyuma yake, akaketi.

Kaka alipofika alisimama mbele ya pazia, mkono umenyooka, asithubutu kuligusa.

"Hicho kitambaa changu," alisema.

"Najua," dada akajibu kutoka ndani. "Nikitoka utakichukua. Tafuta fundi mwingine, na safari hii nenda na mwili wako."