Safari ya Kumrudisha Asukulu Dzaleka

Mimi ni mwoga. Ninyi wa Uvira mlionijua nikiwa msichana hamtabisha: nilikuwa nakimbia hata jogoo wa jirani. Kwa hiyo mkisikia kwamba nilisafiri peke yangu hadi Lilongwe kumchukua kijana mlangoni kwa gereza, msidhani nimeokota ushujaa huku Malawi. Nilikwenda nikitetemeka, nikarudi nikitetemeka.

Kijana mwenyewe ni Asukulu, mtoto wa jirani yangu hapa kambi ya wakimbizi Dzaleka, Mama Apendeki, watu wa Fizi. Ana miaka ishirini. Mwaka jana yeye na wenzake wawili walivunja duka la Mzee Ramazani, mfanyabiashara wa Kindu, na mzee alipotoka kuangalia kelele, akapigwa chuma cha kichwa. Aliyeshika chuma ni Asukulu. Wenzake walitoroka, yeye akakamatwa, akafungwa Lilongwe. Sasa kifungo kilikuwa kimeisha.

Hapa Dzaleka watu wa kanisa na watu wa msikiti waliwekeana utaratibu, baada ya kijana mmoja kurudi kutoka gerezani na kupigwa na majirani nusura afe. Anayetoka gerezani halali kwao kabla hajapelekwa mbele ya yule aliyemkosea. Na hapelekwi na ndugu yake, maana ndugu atamtetea. Anapelekwa na mtu baki. Mimi nafundisha vijana kushona katika chumba kimoja cha kanisa, basi macho yote yakanigeukia.

Nilikataa mara tatu. Mzee Ramazani ana watoto wa kiume watatu wenye mabega, na walikuwa wameapa sokoni, watu wakisikia, kwamba Asukulu akikanyaga mtaa wao watamvunja miguu.

"Mchungaji, mi naogopa," nikasema.

"Kama unaogopa, hiyo njo vizuri," mchungaji akanijibu. "Mutu wa kuogopa hasemake maneno mengi."

Basi nikabebeshwa mzigo.

Jumatano asubuhi nilitoka. Mkimbizi hapa hatoki kambini hivihivi. Huomba ruhusa ya maandishi ofisini, na ruhusa huchukua siku zake. Habari ya kufunguliwa Asukulu ilikuwa imetufikia Jumatatu tu. Nikafanya kama ambavyo kila Mkongomani angefanya: nikatafuta kashe, yaani mihuri. Mchungaji akaniandikia barua akaigonga muhuri wa kanisa. Msikiti wakagonga wao. Kiongozi wa mtaa wetu akagonga wake, wa buluu, mkubwa kama sahani. Barua moja, mihuri mitatu! Nyumbani ningepita nayo mpaka Bukavu. Niliikunja nikaiweka kifuani na nikajiona nina serikali nzima ndani ya nguo.

Kabaza, yaani baiskeli ya abiria, ilinifikisha kwenye lami, na pale nikapanda matola, gari dogo la mizigo linalobeba watu nyuma. Nilikaa juu ya magunia ya pumba nikafunga mdomo njia nzima, kwa sababu Kiswahili changu kingeniuza. Siku hizo kulikuwa na maneno kwamba polisi wanakamata wakimbizi wanaozagaa nje ya kambi. Bahati, hatukusimamishwa. Mungu alinihurumia kwenda. Nikajua kurudi atanidai imani.

Saa saba mchana niliingia Old Town, mji wa zamani wa Lilongwe. Mwenyeji wangu ni Mai Chisomo, Mmalawi anayeuza nyuzi na vifungo karibu na maduka ya jumla. Nimekuwa mteja wake miaka mingi. Alinipikia nsima, ugali wa huku, na mboga ya maboga, akanisikiliza nikieleza kwa Kichewa changu cha kuvunjikavunjika. Nilipomwonyesha barua yangu aliigeuza mbele na nyuma.

"Ya serikali iko wapi?" akauliza.

"Hiyo ina mihuri mitatu, mayi," nikamjibu, yaani mama.

Hakunibishia. Alisema tu, "Kula, mwenzangu." Nikalala kwake kwenye mkeka, yaani nilijinyoosha, usingizi haukuja.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, nilikuwa mlangoni kwa gereza pamoja na akina mama wengine waliokuja na nguo za vijana wao. Nami nilikuwa na shati nililomshonea Asukulu kwa kukumbuka kipimo chake. Mlango mdogo ulifunguka akatoka mtu mrefu, mabega yamechongoka, mfuko wa plastiki mkononi. Alipolivaa shati langu, mikono ya shati ilimwishia juu ya vifundo. Jamani, mtoto alikuwa ameongezeka urefu kule ndani na hakuna aliyetuambia.

Nitasema ukweli: sikumkumbatia. Niliangalia mikono yake, ile iliyoshika chuma, nikarudi hatua moja. Aliona.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Uko na karatasi?"

Akanionyesha karatasi ya kufunguliwa. Jina lake, kosa lake, jina la gereza, na kwamba anarudi kambi ya Dzaleka. Kuiona tu, aibu ikanipanda usoni kama vile kosa ni langu. Nikafikiria watu wa kwenye gari wakiiona. Nikafikiria watu wa kambini wakiipeleka mdomo kwa mdomo. Nikamwambia, "Weka hiyo ndani ya kiatu. Mutu asiione. Mi niko na barua."

Alitaka kusema kitu. Nikamkatiza, "Kiatu!" Akaiweka.

Saa sita hivi, tulipokwisha kupita maghala ya tumbaku ya Kanengo, matola yetu ikapunguza mwendo. Mbele kulikuwa na chuma kimelazwa barabarani na polisi wawili. Bariyeri.

Askari mmoja, kijana wa heshima tu, akapita akiomba vitambulisho. Wamalawi wakatoa kadi zao. Mimi nikatoa barua. Aliisoma akiwa amekunja uso, kisha akacheka.

"Mayi, hii ni kadi ya harusi?"

Watu garini wakacheka. Nikacheka na mimi, pumbavu.

"Ruhusa ya kambi iko wapi? Na huyu kitambulisho chake?"

Tukashushwa. Akaeleza, bila ukali, kwamba mimi nitaandikwa jina nirudishwe, lakini kijana asiye na karatasi yoyote atapelekwa kituoni mpaka ijulikane ni nani. Nilimtazama Asukulu. Alikuwa na saa tatu tu nje ya gereza. Nikaona mama yake ameketi mlangoni anasubiri, nikaona napiga hodi peke yangu. Hofu ikanifungua mdomo, na hofu haina breki.

"Bwana, ni mtoto wangu! Anaumwa! Tumetoka hospitali!"

"Hospitali ipi?"

Nikataja moja.

"Karatasi ya hospitali?"

Nikajipapasa kifuani kana kwamba ninayo. Uso wa askari ukabadilika. Mpaka hapo alikuwa ameona mwanamke mjinga, sasa alikuwa anaona mwongo. Akamwita mwenzake.

Asukulu akainama akaanza kuvua kiatu. Nilimkanyaga mguu kumzuia, naapa, nilimkanyaga kwa nguvu. Akauvuta mguu taratibu, akatoa karatasi imelowa jasho, akainyoosha juu ya paja, akampa askari kwa mikono miwili. Halafu akasema kwa Kichewa alichojifunza gerezani, kwa sauti ambayo gari zima lilisikia:

"Bwana, mama anaona haya. Mimi nimetoka gerezani leo asubuhi. Nilivunja duka, nikampiga mzee. Nimemaliza kifungo. Naenda Dzaleka, imeandikwa hapo."

Kule juu ya gari kicheko kilikufa. Askari aliishika karatasi kwa pembe, akaisoma yote, akatazama muhuri. Mmoja tu, na huo ulikuwa wa serikali.

"Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta," akasema. "Kwa nini mliificha?"

Mimi ndiye niliyepaswa kujibu. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimeficha kile kitu kimoja ambacho kingetupitisha.

"Niliogopa, bwana. Na ruhusa yangu sina. Niliogopa kuchelewa, sikungoja."

Akarudisha barua na karatasi. "Nendeni. Siku nyingine uanzie ofisini, mayi."

"Zikomo, bwana, zikomo kwambiri," nikashukuru mpaka mwenzake akachoka kunisikia.

Tulipopanda tena, nafasi ilikuwa imepatikana ghafla. Mtu mmoja alivuta gunia lake la dagaa akalikumbatia. Mwanamke akamhamishia mtoto upande wa pili. Asukulu alikaa mwisho kabisa, ameshika ubao wa nyuma, anaangalia lami. Na mimi? Nilikaa katikati, si kwake, si kwao. Hilo naliandika kwa aibu.

Saa tisa tulishuka tukaanza kutembea kuelekea kambini. Njiani nikamuuliza kwa nini alisema mbele ya watu.

"Mama, nilikuwa naogopa banirudishe," akasema. "Na kama nashindwa kusema kwa polisi mwenye hanijui, kwa Mzee nitasema nini?" Tukatembea kidogo. "Batoto yake bako?"

"Bako. Bote batatu."

Hatua zake zikawa fupi, na mimi nikawa nasimama kumngoja.

Saa kumi na nusu, baada ya sala ya alasiri, tulifika kwa Mzee Ramazani. Duka lake sasa lina mlango wa chuma na makufuli mawili. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi mbele, kofia kichwani. Watoto wake watatu wamesimama nyuma yake. Mmoja alikuwa ameficha mkono mgongoni, na mimi sikuweza kuacha kuutafuta huo mkono kwa macho. Watu walikwisha kujaa, wameegemea kuta za tofali.

Nikasema yale niliyofundishwa: "Mzee, nimekuletea huyu. Si mwanangu, si ndugu yangu. Amekuja kusema mwenyewe." Baada ya hapo mtu baki hana ruhusa ya kuongeza neno.

Asukulu akapiga magoti upande wa kushoto wa mzee, akasema. Alisema polepole, kwa sauti ya chini, akiinamisha kichwa: jina lake, usiku ule, chuma, kwamba hakulazimishwa na mtu. Alimaliza. Mzee alikuwa bado anaangalia mbele kama mtu anayengoja gari. Nikafikiri, amekataa. Kijana mwenye mkono wa siri akasogea hatua moja, na mimi nikafumba macho.

"Mbona umenyamaza?" nikasikia sauti ya mzee. "Ulikuwa unasema?"

"Nimesema, Papa."

Mzee akaona midomo ikicheza, akageuza kichwa. "Unasemea sikio lenye uliua. Hili halisikii tena. Kuja huku, anza mwanzo."

Asukulu hakuwa anajua. Hata mimi sikujua. Mzee alikuwa hajamwambia mtu nje ya nyumba yake. Asukulu akaachama, kisha akalia, kilio cha mtu mzima, kibaya kusikiliza. Alizunguka kwa magoti, kwenye vumbi, mpaka upande wa kulia, akaanza mwanzo. Safari hii ilibidi aseme kwa nguvu, na mtaa mzima ukasikia kila neno.

Mtoto mkubwa akadakia, "Papa, usimusikilize! Utuachie sisi."

"Kile chuma kilipiga kichwa cha nani?" mzee akamuuliza. "Chako?"

Mtoto akarudi nyuma hatua moja.

"Basi nyamaza. Mi njo nilipigwa." Akamgeukia Asukulu. "Leo sikusamehe. Kesho sijui. Lakini nataka kulala, na mama yako naye alale. Enda kwenu. Hapa dukani usikanyage mpaka nikuite."

Yule mwenye mkono mgongoni akauleta mbele. Ulikuwa mtupu. Ulikuwa unatetemeka kuliko wangu.

Nilimfikisha kwa Mama Apendeki. Hakupiga vigelegele. Alimshika masikio yote mawili, akamwingiza ndani, akafunga mlango.

Hii ni wiki ya tatu. Mzee hajamwita bado. Nilikuwa nadhani anayetoka gerezani ndiye wa kuogopwa, wengine tuko salama na woga wetu. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unaogopa, na kila mtu alijificha ndani ya woga wake kama mimi na barua yangu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku ile kicheko cha garini na kilio cha dukani vilisafiri pamoja nasi.

Asukulu anashona kwangu sasa. Ana mkono mzuri wa kola. Lakini mimi ni yule yule: kila akishika mkasi, macho yangu yanakwenda kwenye vidole vyake. Jana alinikamata nikimwangalia. Nikajifanya natafuta sindano. Hakukasirika. Aliweka mkasi mezani, akafungua viganja vyake vyote viwili mbele yangu, akavitazama pamoja nami.

"We angalia tu, mama," akasema. "Hata mi naviangaliaka."