Bastola ya Mume Wangu Inazidi Kuwa Ndogo

Jumamosi, tarehe 7 Juni. Asubuhi ya baridi kavu. Umande umeganda kwenye majani na kwenye kioo cha gari, anga haina wingu.

Admin, naomba unifichie jina. Nimezoea kuandika shajara yangu kila siku, na haya ninayatoa humo kwa sababu sina wa kumweleza. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, Mtanzania, nimeolewa hapa Johannesburg. Mume wangu ni Msauzi, ila alizaliwa Morogoro wakati wazazi wake wako uhamishoni, kwa hiyo Kiswahili chake ni kama changu. Tuna binti mmoja wa miaka sita, nitamwita Lulu.

Mume wangu anachukua bidhaa za jumla Fordsburg na kuzisambaza kwenye spaza, yale maduka madogo ya mitaani, huko Soweto. Miaka michache iliyopita majambazi walimvamia akiwa amesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, wakampiga risasi msaidizi wake mguuni. Baada ya hapo alifanya mtihani wa silaha, akapata leseni, akanunua bastola. Sikumlaumu na sasa simlaumu.

Ile ya kwanza ilikuwa kubwa na nzito. Ilimlazimu kuvaa koti hata wakati wa joto, na akikaa ilimchoma nyongani. Kwa hiyo alikuwa hawezi kukaa nayo nyumbani. Akifika tu namwambia pole na kazi, nampokea koti na mzigo, yeye anakwenda moja kwa moja kwenye sefu. Nikisikia ufunguo umezunguka, ndipo napakua chakula. Sikujua kwamba uzito ule ndio uliokuwa unatulinda.

Kisha akaiuza akanunua nyembamba, iliyobeba risasi sita. Mwaka huu akabadilisha tena. Akaniwekea kiganjani niione. "Mama Lulu, zamani ukitaka ndogo unakubali risasi chache. Siku hizi wamebana kila kitu, hii inabeba karibu sawa na lile tofali langu la kwanza." Wenzake wa pale wanapopakilia mizigo wanashindana udogo, kama watu walivyoshindana na simu zamani. Mmoja wao alipokuja nyumbani akanitania, "Shemeji, mwakani tutazibeba kwenye kiberiti." Nilicheka, nikamwongezea chai.

Ninachokijua leo ni kwamba kitu kisichoumiza hakivuliwi. Anakula nayo. Anakwenda nayo kanisani. Ameihamishia kwenye kipochi cha kiunoni, pamoja na funguo na peremende za mtoto, na sefu inakaa na vyeti vyetu tu. Nikimuuliza anasema, "Nitaiweka baadaye." Baadaye yenyewe anasinzia kwenye kochi.

Sasa nieleze lililotokea. Lulu Kiswahili anakielewa, lakini ukimsemesha anakujibu Kizulu au Kiingereza. Sentensi moja tu ndiyo anaisema bila kosa, na nilimfundisha mimi, kwa sababu nilitaka awe na kitu cha kwetu: "Karibu baba, lete mzigo." Nilimwambia mtoto mwenye adabu hamwachi baba yake aingie na mzigo mkononi. Kila jioni anakimbilia mlangoni.

Alhamisi baba yake aliingia akiongea na simu. Lulu akasema maneno yake, baba akafungua mkanda wa kipochi, akampa, akaendelea kuongea. Nilipotoka jikoni na sufuria ya maharage, mtoto alikuwa amekaa kwenye zulia, ameishika bastola kwa mikono miwili, anachungulia tundu lake.

"Mama, look, Baba brought me a toy."

Ile ya kwanza hakuna mtoto ambaye angeiita toy, kitu cha kuchezea. Asingeweza hata kuinyanyua.

Sikupiga kelele. Nilisema, "Ahsante mama, iweke hapo kwenye zulia taratibu, njoo unionjee maharage." Akaiweka, akaja, akasema chumvi haitoshi.

Mume wangu akaiokota. "Eish. Lakini haina neno, haikuwa tayari kupiga." Kisha akavuta ile sehemu ya juu. Risasi moja iliyokuwa tayari ndani ya mtutu ikaruka ikaanguka kwenye zulia. Akainama akaichukua, akaitia mfukoni.

Tulipozungumza nilimwomba moja kati ya mawili: arudie ile kubwa, au hii ndogo iingie kwenye sefu kabla hajakaa. Akasema, "Wanatufuata mpaka getini, Mama Lulu. Unataka waje kunikuta mikono mitupu, bastola iko kwenye kabati?" Nikamwambia watakaokuja hatuwajui, ila huyu aliyeishika tunamjua. Akasema nimechoka, nikalale.

Ni kweli nimechoka. Nikimshitaki polisi, leseni itakwenda, na kesho yake atapita barabara zilezile bila kitu. Akiuawa, nitakuwa nimemuua mimi. Nikinyamaza, ipo jioni nyingine nitakayochelewa kutoka jikoni.

Jana nilimkataza Lulu kumpokea baba yake. Sikujua kingine cha kufanya. Baba alipoingia, mtoto alisimama mlangoni mikono ameificha mgongoni, midomo ameibana. Baba akamtazama, akanitazama mimi. "Leo sipokelewi?" Akaenda kukaa, kipochi kikiwa kiunoni.

Ninyi mnaoishi na silaha ndani, na ninyi wanaume mnaozibeba, niseme naye kwa maneno gani ili anisikie? Nimshitaki, nimchukue mtoto tuondoke, au nizidi kumkataza mwanangu kumkaribisha baba yake? Nawasoma wote, hata mtakaonigombeza.

Usiku wa kuamkia leo nililala saa sita na robo. Ufunguo wa sefu sikuusikia.