Jina la Mkunga

Nina majina mawili, na yote si ya kwetu. La kwanza huko Uingereza anapewa mwanamume au mwanamke, hawachagui. La pili ni la ukoo wa watu nisiowajua, nalo ni jina la ndege mdogo wa huko kwao. Huyo ndege sijawahi kumwona. Majina yenyewe siyaandiki hapa, yamenitosha.

Yalikuwa ya mkunga Mzungu wa zahanati ya misheni, Njombe. Mama alishikwa na uchungu siku mbili, mkunga akanitoa nikiwa hai. Nyumbani kwetu mtoto aliyezaliwa kwa shida alipewa jina la aliyemwokoa. Sasa baba alikuwa na shukrani nyingi na shule kidogo, kama mimi niliyeishia darasa la nne. Badala ya kuchukua jina moja akachukua yote mawili, kama mtu aliyekaribishwa chai akaondoka na kikombe. Mwinjilisti akaandika hivyohivyo kwenye kitabu cha usharika. Mkunga akarudi kwao kabla sijaota meno.

Niliolewa Makambako, kwa fundi pikipiki. Sisemi mengi. Jino linalokosekana hapa mbele na kidole hiki kisichokunjika, ni yeye. Kila aliponipiga nilijiambia, lipo shamba la baba kule Njombe, mtaa wa Mjimwema. Baba alishaniahidi kipande cha chini, kule kwenye kijito, nijenge hata chumba kimoja. Nilikuwa nalala nikikipanga: mlango utazame wapi, jiko likae wapi.

Baba akafa. Wasifu wake uliandikwa na baba mdogo na akausoma yeye. Akasoma kwamba marehemu ameacha watoto wanne. Sisi tuko watano. Nikadhani amekosea tu, ni uchovu wa msiba. Halafu mwishoni, kwenye shukrani, nikasikia majina yangu yote mawili, yamewekwa kati ya mchungaji wa zamani na daktari wa misheni, rafiki wapenzi wa marehemu. Watu wakaitikia amina. Jeneza lilikuwa mbele yangu na mvua imeanza kudondoka. Kwetu mtu hakatizi wasifu.

Miezi miwili baadaye nilimtoroka mume na begi moja. Baba mdogo akanipokea vizuri kwa salamu ya kwetu, kamwene, kamwene, chai ikaja na viazi. Nilipotaja shamba akaita kikao cha ukoo, akatoa karatasi aliyoiacha baba. Kipande cha chini kimeandikwa majina yangu, herufi kwa herufi. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Baba mdogo akasema kaka yake alimwachia yule mkunga, na kwa kuwa mkunga hayupo, yeye atakitunza.

"Baba mdogo, mwenye jina hilo ni mimi."

"Hapa hapajaandikwa ‘binti yangu’, mwanangu. Limeandikwa jina la Mzungu, hata kama ni mwanamume au mwanamke halisemi. Na kule makaburini lilisomwa kati ya marafiki. Ulikuwepo. Ulisema neno?"

Basi nawataja walionikana. Wa kwanza ni yeye, ndugu wa tumbo moja na baba yangu, aliyeniogesha nikiwa mchanga. Wa pili ni mwinjilisti aliyenibatiza kwa mkono wake. Alipoulizwa aliangalia kofia yake magotini, akasema uzee, hakumbuki. Mwaka huo alikuwa analima mahindi kwenye kipande hichohicho. Wa tatu ni mwenyekiti wa mtaa. Nilimpelekea cheti cha ubatizo, akasema hicho kinaonyesha jina, hakionyeshi kwamba mimi ndiye. Nilete barua yenye sahihi ya mkubwa wa ukoo. Mkubwa wa ukoo ni baba mdogo. Na ndugu zangu wanne, walikaa kwenye kikao wanahesabu vidole vya miguu yao.

Nikarudi Makambako. Mume wangu alikuwa barazani anafungua injini, habari za kikao zimeshamfikia, hakuinua kichwa.

"Mkunga, umerudi? Ingia upike."

Nikaingia, nikapika.

Ni miaka kumi na moja sasa. Hanipigi tena, mgongo wake umekufa, mimi ndiye ninayemgeuza kitandani. Hivyo hata leo sitoki. Kipande cha chini kina miparachichi ya baba mdogo, inazaa.

Mwezi uliopita nilimkalisha binti yangu na daftari, nikamwambia aandike wasifu wangu. Akacheka, mama unaumwa? Nikamwambia andika. Mstari wa kwanza: mtoto wa tano wa baba yake, mwanamke, mzaliwa wa Njombe. Daftari analo yeye. Nimemwambia siku ikifika, mtu akisimama na karatasi nyingine, hata kama jeneza liko wazi, amkatize.