Kiti Kilichobaki Awindiri

Saa moja asubuhi, nje ya wodi ya wanawake ya hospitali ya Kuluva, Nasuru Candia amepiga magoti ndani ya gari lake dogo. Anakandamiza godoro kwa ngumi mahali ambapo hadi jana palikuwa na kiti cha mbele cha abiria. Kisha anahamia nyuma, anaketi, ananyoosha mguu mpaka unagusa dashibodi.

"Goti iko sawa," anasema. "Kisigino ndiyo itaumia." Anaongeza blanketi.

Abiria wa leo ni mama mkwe wake, Bi Kiden wa Koboko. Alivunjika paja, na leo ameruhusiwa kwenda nyumbani kwa sharti moja: mguu usikunjwe wala kutikiswa sana. Akipanda lori kama abiria wengine, mfupa unaoanza kuunga unaweza kuachana tena.

Nasuru, mkazi wa mtaa wa Awindiri, ameendesha gari la kukodi mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tangu mwaka 1992. Alichagua gari la milango miwili kwa sababu hutumia petroli kidogo na hugeuka hata katika vichochoro vya soko. Wafanyabiashara wa Vurra, mpakani, hulipenda, ingawa magoti yao hufika kidevuni.

Pitia, dereva wa pikapu, humtania kila siku: "Wee Nasuru, hii gari iko ya kubeba mutu ao kuku?"

"Kuku yangu inafika Koboko," Nasuru humjibu. "Pikapu yako iko kwa fundi."

Hata hivyo, gari hilo lilikuwa na dosari ambayo hakuifikiria. Kwa desturi ya kwao, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, wala haketi karibu naye. Ndani ya gari hili, hata watu wasiojuana hukaa bega kwa bega.

"Nilipima barabara, nikapima petroli," anasema kwa aibu. "Mama mkwe sikupima."

Bi Kiden alipoletewa habari ya gari, alikataa. Alisema heri lori limvunje tena kuliko kumvunjia mkwewe heshima.

Ndipo Nasuru alipofungua kiti cha mbele na kukiacha nyumbani. Alitundika kitenge cha mkewe, Afisa, nyuma ya kiti cha dereva. Kioo cha ndani akakielekeza kwenye dari.

Wauguzi wanapomwingiza mgonjwa, Nasuru anasimama mbali na kuwapa mgongo. Afisa anaketi kando ya mama yake, na safari inaanza.

"Afisa, ambia mwenye gari pole pole kwa shimo," anasema Bi Kiden nyuma ya kitenge.

"Baba Zubeda," Afisa anamwambia mumewe, "mama anasema pole pole kwa shimo."

"Ambia mama nimesikia."

"Ambia yeye aangalie barabara, aache kusikia."

Baada ya Arua, barabara ina matuta madogo yaliyopangana kama mbao za kufulia. Gari jepesi linarukaruka. Nyuma ya kitenge kunatoka mguno mmoja, kisha kimya. Nasuru hawezi kugeuka, na kioo kinamwonyesha dari tu. Anasimamisha gari, anapunguza upepo katika magurudumu ili yawe laini, anaondoka tena taratibu.

Baadaye anashindwa kuvumilia. "Afisa, mama iko namna gani?"

Hajibiwi. Anakanyaga breki.

"Usisimame!" Afisa ananong'ona. "Amelala. Husikii anakoroma?"

Nasuru hacheki, heshima haimruhusu. Lakini mikono yake inalegea juu ya usukani.

Wanapofika Koboko, Bi Kiden anashushwa mguu ukiwa umenyooka. Akiwa tayari kwenye mkeka, anamwita binti yake.

"Ambia mwenye gari, gari yake iko ndogo." Anauangalia mguu wake. "Lakini kiti asirudishe. Mwezi ujao nitaenda kwa daktari."

Nasuru anatarajia kumwomba fundi atengeneze kiti kinachotoka bila kufunguliwa kwa spana, ili wagonjwa wengine wa Kuluva nao wasafiri wamenyoosha miguu. Pitia ameshauliza kama mama yake mwenyewe anaweza kubebwa humo.

Afisa naye anadai kitenge chake.

"Nitakununulia kingine," Nasuru anamwambia. "Hicho sasa ni cha gari."